Shuka Lisiloshika Doa

Mvua ilipoanza kunyesha Jumanne, akina mama wa kikundi cha kushona walikuwa wakianua mashuka nyuma ya ukumbi wa kanisa, upande wa kusini wa Rarotonga, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Wote walilowa isipokuwa Mama Tepaeru. Maji yalimfika mabegani yakateleza, na gauni lake likabaki kavu kama lililotoka pasini.

"Una bahati, mwenzangu," alisema Mama Ngapoko. "Mimi itabidi nikabadilishe."

Wakaendelea kuanua.

Mashuka hayo huitwa tivaevae. Maua hukatwa na kushonwa kwa mkono, na shuka moja hula mwaka mzima au zaidi. Maharusi hupewa, watoto wachanga hufunikwa, maiti hufungiwa humo. Si vitu vya kufuliwa ovyo. Ndiyo maana Mama Tepaeru, mwenyekiti wa kikundi, alipitisha kwamba kila shuka lipuliziwe dawa ya kuzuia madoa, ile ya kopo la buluu kutoka Auckland. Kopo liliandikwa kwamba ni salama kwa familia nzima. Palipopaswa kuandikwa kilichomo, paliandikwa siri ya biashara. Yaani kitu cha kumlaza mtoto kinafichwa kama hawara.

Tangu Pasaka Mama Tepaeru alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo. Alisikia baridi juani, nywele zikamwishia kwenye kitana, na usingizi ukawa haumtoki. Daktari Tamatoa alimpapasa shingo akasema tezi imezembea, akampa vidonge.

"Wewe ni wa nne wiki hii, Mama, na wote mnashona pamoja. Mnapuliza nini huko?"

Akamwambia.

"Basi Mereana asilalie shuka lililopuliziwa. Tezi ya mama ikilala, mtoto tumboni naye analala. Akili haikui."

Mereana, binti yake, alikuwa na mimba ya miezi saba na kila siku alijifunika shuka aliloshonewa na mama yake, nalo limepuliziwa. Mama Tepaeru alifika nyumbani akalivuta kitandani.

"Umenishonea miaka miwili, leo unaninyang'anya?"

"Jifunike la dukani."

"La dukani nalo limepuliziwa, Mama. Na zulia, na kikaango unachonikaangia mayai. Unataka nikalale mtini?"

Mama Tepaeru alichukua jembe akalizika shuka nyuma ya nyumba. Asubuhi lilikuwa juu ya udongo, limekunjuka vizuri, jeupe, maua yake mekundu yanang'aa. Akalizika tena, na ardhi ikalikataa tena. Jirani aliyepita alilisifu.

Alipopiga simu kwa kampuni inayotengeneza dawa hiyo, walimtuma Bwana Craig Holloway, amevaa shati la maua alilonunua uwanja wa ndege. Alikunywa chai ya kikundi, akala keki yao, kisha akaomba ruhusa kumwagia Mama Tepaeru kikombe mkononi. Chai ilikimbia yote. Mtu mzima yule akapiga makofi.

"Mnaona? Hata ngozi!"

"Na shingo yangu?"

"Hilo halijathibitishwa, Mama. Hata hivyo, kwenye kopo jipya ile kemikali ya zamani tumeiondoa."

"Mkaweka nini?"

"Siri ya biashara," alisema, bila hata kupepesa macho.

Akagawa makopo mapya bure. Mama Ngapoko, mwenye rovu lake mwenyewe, alichukua mawili. Mama Tepaeru alimwangalia kwa dharau, kisha akakumbuka nani aliyewafundisha kupuliza, akainamisha kichwa.

Akaiti, mtoto wa Mereana, alizaliwa Agosti, msichana mzito, mzuri. Muuguzi alimtoboa kisigino ili tone la damu liingie kwenye karatasi ya kupimia tezi, ipelekwe maabara New Zealand. Damu ilibiringika juu ya karatasi ikaanguka sakafuni. Akatoboa tena, ikabiringika tena. Ndege ilikuwa inasubiri mzigo, basi karatasi ikatumwa hivyo hivyo.

Majibu yalirudi: hakuna tatizo lililoonekana.

"Karatasi haikuwa na damu," Mama Tepaeru alimwambia daktari.

"Najua."

"Mtoto ana baridi mikononi. Hanyonyi sawasawa. Mpe vidonge, Tamatoa. Nakuomba."

"Majibu yanasema mzima, Mama. Nikimpa dawa mtoto mzima, nitajieleza vipi? Tutume nyingine."

Wakatuma nyingine, na ya tatu. Zote zilirudi safi. Kampuni ilipata habari, ikatangaza kwa furaha kwamba mtoto wa kisiwani, aliyezaliwa katika nyumba inayotumia bidhaa zao, amepimwa mara tatu na hana kasoro. Wapuuzi wale.

Mama Tepaeru alikaa barazani na mjukuu wake, amembana kwa mikono miwili kwa sababu anateleza. Alitamani mtoto alie, hata kidogo tu. Akaiti hakulia. Hajalia tangu azaliwe, na akina mama wanaopita barabarani humsifu Mereana kwamba ana mtoto mtulivu.