Matofali Mawili kwa Ajili ya Sayansi

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na siku hiyo mkaguzi alikuja kuamua kama abaki au aende zake. Akiondoka, somo lingerudi kwa Makamu Mkuu wa shule, ambaye hufundisha fizikia kwa imla hadi kalamu zinaomba maji. Kwa hiyo darasa zima lilikuwa na dua moja.

Mada ilikuwa fuwele, yaani vitu kama chumvi, ambavyo atomu zake zimejipanga kwa safu. Mwalimu alitupanga foleni ukumbini, kila mtu mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Sisi ni atomu, alisema, na mikono yetu ni vifungo. Binamu yangu alisimama mbele kabisa na kengele. Akisukumwa wa nyuma kabisa, msukumo unapita mtu hadi mtu mpaka kengele ilie. Ndivyo joto linavyosafiri ndani ya fuwele: atomu hazihami, zinatetemeka tu na kupokezana mtetemo.

Kwenye mazoezi ya jana yake kengele ililia kinyonge. Nikaona ni wajibu wangu kumwokoa Mwalimu. Nikavaa koti kubwa, na ndani yake matofali mawili niliyoyafunga kiunoni kwa shuka. Hoja yangu ilikuwa safi: kitu kizito husukuma kwa nguvu zaidi.

"Umenenepa tangu jana," alisema Binamu.

"Ni mawazo."

Mkaguzi akaomba Makamu Mkuu, aliyekuja naye, asukume. Makamu alisukuma kwa moyo wote. Wimbi likaja vizuri, likanikuta katikati ya foleni nimesimama kama nguzo ya umeme. Sehemu ndogo ilipita; Binamu alidai alihisi kama amepuliziwa. Kengele haikulia. Iliyobaki ikarudi ilikotoka, na Makamu Mkuu akakaa ndani ya ndoo ya taka iliyokuwa nyuma yake, bila haraka.

"Wimbi limekwenda wapi, Mwalimu?" aliuliza mkaguzi.

Mwalimu, jasho likimtoka, alipita akitupapasa migongo mmoja mmoja. Aliponifikia akagonga koti. Likatoa sauti ya jengo.

"Limeishia hapa, mzee," alisema taratibu. "Huyu ni atomu nzito kuliko wenzake. Kwa macho hana tofauti. Wimbi ndilo linalomjua. Likimfikia linatawanyika: kidogo kinapita, kingi kinarudi. Ndiyo maana fuwele yenye kasoro hupitisha joto kwa shida."

"Mvue," alisema mkaguzi.

Nikavuliwa matofali mbele za watu. Makamu akasukuma tena. Kengele ikalia.

"Mrudishie."

Kengele kimya. Makamu, ndoo.

Mkaguzi akaomba kuona mara nyingine. Sidhani ilikuwa kwa ajili ya sayansi.

Mwalimu alipata kazi ya kudumu. Mimi nilipata cheo: kasoro rasmi ya shule, kwa vidato vyote, hadi mwisho wa muhula. Kila kipindi cha fuwele natumwa maabara kuchukua vifaa vyangu, na Binamu hunisubiri mlangoni na kengele yake.

"Mawazo vipi, ndugu?"

"Bado mazito."