Boksi Lililoandikwa Nne

Waya wenye ncha iliyopindwa uliteleza ndani ya ganda la risasi bila kukwama popote, na hilo ndilo lililomtisha Noelene. Ganda lilitoka kwenye boksi la maganda mabovu ya kutupwa. Lilipaswa kuwa na mfereji kwa ndani, karibu na kitako, pale shaba inapolika kila ganda linapojazwa baruti upya, mpaka siku moja likatike na moto umrudie mpigaji usoni. Akajaribu la pili na la tatu. Yote mazima.

Basi mabovu yako wapi? Alijua.

Mumewe, Des, hajazi ganda zaidi ya mara sita, na kila boksi huandikwa maganda yake yamejazwa mara ngapi. Wiki iliyopita Noelene, kwa kiherehere chake cha kupanga rafu, aliangusha maboksi mawili, akayaokota maganda kwa kukisia tu lipi ni la boksi gani, akaandika lebo upya. Akanyamaza, maana Des angemtania hadi Krismasi. Des akalijaza lile lililoandikwa nne, na leo amekwenda nalo kwenye mashindano ya shabaha pamoja na binti yao, Bron. Mpigaji ni Bron.

Simu haikupokelewa, kwenye mstari wa kufyatulia simu huzimwa. Noelene akaendesha gari kilomita kumi za vumbi jekundu, barabara ya Charleville, kioo kimeshushwa, akisikiliza. Kila mlio ulimshtua, na kimya kilichofuata kilimtisha zaidi. Alijichukia.

Uwanjani bendera nyekundu ilikuwa juu, ishara kwamba watu wanafyatua. Kev, msimamizi, alimwinulia mkono asubiri raundi iishe, akamtania kwa kuja na ndara za bustani. Noelene akampita.

"Simamisheni! Bron, usifyatue!"

Bunduki zikanyamaza. Bron akafungua yake, akaitoa risasi iliyokuwa tayari ndani. Noelene akakiri yote mbele ya klabu nzima. Des hakutania. Alikuwa akiyageuza maganda yaliyokwisha kupigwa, mpaka akafika kwenye moja lililopasuka nusu mzunguko, ufa wake mweusi kwa masizi.

"Hilo ndilo la mwisho," Bron alisema. "Lilinitemea moshi kwenye miwani."

"Na bado ukaweka jingine?" Noelene aliuliza.

"Nilitazama boksi kwanza, Mama. Limeandikwa nne, kwa mwandiko wako."