Migunga ya Ng'ambo

Lobolia alikuwa na mdomo. Mto ulipohama wakati wa mvua ya juzijuzi ukapita nyuma ya migunga yangu, alikuja na fimbo yake begani akaniambia, "Mama Akai, mpaka ni mto. Wazee walisema. Sasa migunga ishirini iko kwangu."

"Wazee walisema mto huu," nikamwonyesha mkondo wa zamani, mchanga mtupu. "Si huo mwehu aliyezuka jana."

"Mto ni maji, mama. Hapa maji yako wapi?"

Kiangazi hakuna jani huku. Mbuzi wangu wanaishi kwa maganda ya ile migunga niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Bila hayo, wamekwisha, na mimi na wanangu pia. Lakini Lobolia alijenga boma lake la miiba palepale katikati ya mkondo wa zamani, lango likaelekea kwenye miti yangu. Kila asubuhi mbuzi wake sitini walitoka moja kwa moja kwenye maganda yangu. Nilimchukia hadi chakula hakishuki.

Kisha mawingu yakakaa siku mbili juu ya milima ya machweo. Kwetu hata tone. Nikamwendea.

"Hamisha mbuzi, we mjinga. Mto utarudi kwake."

Akacheka hadi akakaa chini. "Jamani, mwanamke huyu! Ameshindwa kunifukuza kwa maneno, sasa ananitishia na mchanga!"

Haya. Nikamwacha.

Asubuhi ya pili nilikuwa chini ya migunga naokota maganda niliposikia mngurumo. Maji yalikuja na magogo, rangi ya chai ya maziwa. Lobolia alikuwa ndani ya boma anamtibu mbuzi kwato. Maji yaliukandamiza mti wa miiba uliofunga lango, ukakwama. Ulitaka kuvutwa kutoka nje, upande wangu. Nikateremka, nikaushika. Maji yalinifika magotini.

"Vuta! Mama Akai, vuta!"

"Migunga ya nani?"

"Nini? Vuta!"

"Nimekuuliza, migunga ya nani?"

"Yako!"

"Sikusikia."

"Yako! Ni yako!"

"Watu wa kule juu ukingoni wamesikia?"

"Migunga ni ya Mama Akai!" alipiga kelele, sauti imekatika kama ya mtoto, mbuzi mmoja mabegani.

Hapo nikavuta. Walitoka mbuzi kumi na mmoja, na yeye. Boma zima likaenda na waliobaki, wanalia.

Mwaka huu maganda yameanguka mengi. Hakuna anayebishana nami. Watoto wa Lobolia huja na kibuyu, nawakamulia, hawaniangalii usoni. Watu wanasema mto ndio uliowamaliza mbuzi wale, na mimi nasema hivyohivyo.

Lakini ile "Yako!" ya kwanza niliisikia vizuri sana.