Siagi ya Ijumaa

Miaka tisa Asnakech aliosha vyombo katika hoteli za Waswidi huko Göteborg kabla hajapata mkahawa wake mwenyewe. Upishi hakufundishwa na chuo chochote. Aliupata kwao Bahir Dar, jikoni kwa mama yake, Bi Mulunesh, aliyelea watoto watano kwa kuuza shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, kupitia dirisha la nyumba. Mkahawa ulipofunguliwa, Asnakech alimleta mama. Watu wakasema mtoto ndiye huyo, naye sifa alizipenda kupita kiasi.

Ijumaa hiyo ilikuwa ndani ya Mfungo Mkuu: hakuna nyama, maziwa wala siagi. Mchana kasisi, Abba Gebreyes, na kina mama wa kanisa lao wangekuja kuonja. Wakiridhika, karamu ya Pasaka na shughuli zote za waumini zingekuwa za Asnakech. Wasiporidhika, afunge tu mlango, maana Waswidi wachache wa jioni hawakutosha hata kuwasha jiko.

Tangu asubuhi alikuwa akiyeyusha siagi kwa viungo.

"Siagi? Ijumaa? Mfungoni?" Bi Mulunesh akauliza.

"Waswidi wa jioni wanataka kuku, Mama."

"Si uifanye wageni wakishaondoka, mwanangu. Utachanganya vitu hapa."

"Wewe chambua mboga. Hapa si kwenye kidirisha chako."

 Mama alikuwa amekwishapika mchuzi wa adesi kwa mafuta alfajiri. Akachukua sinia la mboga, akaketi kona yake.

Saa saba wageni wakafika, wakanawa, wakaomba. Asnakech alifunua shiro akaikuta imekauka. Kwa papara akachota upawa mzima katika sufuria ya karibu, akamimina, akakoroga. Jiko zima lilikuwa linanukia siagi, na pua yake ilishachoka zamani.

"Asna! Asna, hiyo uliyo—"

"Baadaye, Mama!" Akatoka mlangoni na sinia.

Abba alimega injera, ule mkate mwembamba wa chachu wa kwao, akachovya, akatia kinywani. Akaacha kutafuna. Akatema kwenye kitambaa.

"Hii ni siagi."

"Yesu wangu!" Bi Tsehay, mwenyekiti wa kina mama, akalisukuma sinia. "Siku arobaini nimefunga, mtu anakuja kunitilia siagi Ijumaa!"

"Nani kapika?" Abba akauliza.

Lilihitajika neno moja tu, "mimi", na Asnakech alikuwa nalo mdomoni. Akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mboga bado mkononi.

"Ni Mama," akasema. "Macho hayaoni vizuri siku hizi. Nilimkataza asiguse jiko."

Uongo mkavu, mchana kweupe. Macho ya Bi Mulunesh yalikuwa yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Alimtazama mwanawe, kisha akapiga magoti.

"Ni mimi, Abba. Uzee."

Abba hakumwonea huruma. Akampa kitubio: kusujudu mara mia kila siku, na asivuke kizingiti cha kanisa mpaka Pasaka ipite. Tangu abatizwe, Bi Mulunesh hakuwahi kukosa Pasaka hata moja. Aliinama akabusu msalaba, akarudi jikoni akijishikilia ukutani.

Asnakech akakimbilia sufuria ya adesi, akawapakulia. Wakala wakaramba vidole.

"Sasa hiki ndicho chakula!" Bi Tsehay akasema. "Mkono unao, binti. Karamu ya Pasaka ni yako. Ila yule bibi asikanyage tena jikoni, nakuomba."

"Hatakanyaga," Asnakech akajibu, na wala hakusema adesi ile ni mkono wa nani.

Jumapili ya Matawi asubuhi, mvua ya barafu ilikuwa inaanguka. Bi Mulunesh alisimama nje ya kanisa, shuka lake jeupe limelowa mpaka mabegani. Asnakech alifika katikati ya kina mama, chini ya mwavuli wa Bi Tsehay.

"Una moyo wewe," Bi Tsehay akamwambia. "Mwingine angeshamtupa kwenye nyumba ya wazee."

Asnakech akashusha pumzi. "Ni mama yangu. Nitafanyaje?"

Kina mama wakamshika mikono kwa huruma. Bi Mulunesh alikuwa hatua tatu tu kutoka kwao, na alisikia kila neno. Akasogea pembeni ili wapite.