Ukuta wa Kiwanda cha Arbia

Garissa wananijua kwa mambo mawili: maziwa ya ngamia na hasira. Maziwa nanunua kwa wafugaji, hasira nilizaliwa nazo. Basi fikiria hali yangu pale mtambo wangu wa kukaushia maziwa ulipokwama bandarini Mombasa kwa ajili ya ushuru wa forodha, na mnunuzi wa Dubai ananipigia simu kila Ijumaa baada ya swala kuuliza unga wa maziwa uko wapi.

Ushuru ule ungekimeza kiwanda kabla hakijatoa kopo moja. Njia ilikuwa moja tu: kiwanda kitangazwe eneo la EPZ, ambako mitambo huingia bila ushuru kwa sharti kwamba bidhaa ziuzwe nje ya nchi. Nikikosa, mnunuzi anaondoka, nami narudi kuuza maziwa kwa jerikeni sokoni. Si aibu kuuza kwa jerikeni. Lakini mimi nilitaka zaidi, na sioni haya kusema.

Masharti yalikuwa mengi, kubwa lao ni ukuta. Kiwanda kizungukwe chote, kiwe na lango moja, na langoni akae ofisa wa forodha. Nikaenda Nairobi kufuatilia maombi, ujenzi nikamwachia Adeer Guleid, mdogo wake marehemu baba, mtu aliyechunga ngamia toka Lafey hadi Ijara na asiyemwogopa yeyote, hata mimi.

Nilirudi na mkaguzi wa EPZ katika gari moja. Ukuta tuliuona tangu mbali, nje kidogo ya Galbet, umenyooka na kupakwa chokaa. Nikajiona bibi harusi. Tulipozunguka upande wa mto, tukakuta mwanya mpana, na ngamia wanapita humo mmoja mmoja, wanakatiza ua wangu kwa madaha na kutokea mwanya wa pili kuelekea Mto Tana. Mmoja alisimama akamkazia mkaguzi macho kama askari wa kizuizi cha barabarani anayetaka kitambulisho.

"Mama Arbia," mkaguzi akasema, "hili ni eneo la forodha au soko la mifugo?"

Adeer akadakia kwa Kiswahili chake. "Bwana mkubwa, hii ni malka. Njia ya maji. Ngamia nabita hapa toka zamani ya babu. Hakuna mtu nafunga."

"Mimi sina ugomvi na ngamia, mzee," akajibu mkaguzi kwa upole. "Ila ukuta wenye mwanya si ukuta. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Gari lilipoondoka nikawaka. Nilimtupia Adeer maneno ambayo mtu hamwambii ndugu wa babake, Mungu anisamehe. Hatimiliki ni yangu! Ngamia wazunguke!

"Adeer," akaniambia, maana kwetu baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana jina hilo hilo, "ardhi ni yako, kiu si yako. Wazunguke wapi, na ukingo wote umejaa mashamba? Na hao unaowafungia njia ndio wanaokupa maziwa."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Kwetu unaweza kumnyima mtu salamu, lakini njia ya maji humnyimi. Baba angekuwa hai angeubomoa ukuta ule kwa mikono yake, tena mbele ya mkaguzi.

Nikazunguka ua ule nikitafuta pa kupenyea. Kuifunga malka, haiwezekani. Kuiacha ndani, mtambo utaozea bandarini. Ilibaki kuusogeza ukuta huku ndani, malka ibaki nje kabisa. Na pale ukuta ungepita ndipo ilipokuwa ofisi yangu mpya, yenye vigae na dirisha kubwa la kutazama mto, ofisi niliyoiota miaka nikiwa nimekaa juu ya jerikeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilichukua nyundo nikapiga pigo la kwanza mwenyewe, na nililia, sifichi.

Habari zikafika malishoni kabla vumbi halijatulia. Asubuhi iliyofuata wafugaji wakaja na familia zao bila kuitwa na mtu. Wanaume wakabeba matofali, wanawake wakachota maji ya kuchanganyia saruji, na Adeer akawa anawafokea wote, mimi nikiwa wa kwanza. Ukuta ukapanda haraka kuliko ule wa mafundi wa kulipwa.

Mkaguzi aliporudi aliuzunguka wote kwa miguu. Upande wa mto alilazimika kusimama pembeni, apishe ngamia wanaopita nje ya ukuta kwenda zao. Akaupiga kofi ukuta, akacheka. "Huu sasa ni ukuta."

Jina la kiwanda lilipotoka katika gazeti rasmi la serikali, nikamweleza Adeer kwamba kwa mambo ya forodha, ndani ya lango letu huhesabiwa kama nje ya Kenya. Akanishangaa. "Miaka yote tukienda Nairobi tunasema tunaenda Kenya, na watu wanatucheka. Leo wewe umeomba kwa maandishi, na wamekubali?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mtambo ukaja, ukapita langoni bila kutozwa hata senti. Unga wa kwanza ulipotoka, mweupe na laini, wanawake wakapiga vigelegele vikasikika hadi Galbet. Shehena ikafungwa kwenda Dubai. Mimi nikachukua kopo moja, nikalitia mkobani nimpelekee Adeer, aliyekuwa akingoja nje ya lango aonje.

Faiza, ofisa wa forodha, binti mdogo mwenye sauti ya kukata, akanizuia. "Samahani, mama. Fungua mkoba." Akalitoa kopo. "Hii inatoka EPZ inaingia Kenya. Ina ushuru."

"Ushuru?" Adeer akapiga kelele kule nje. "Maziwa ya ngamia yangu?"

"Nyamaza, Adeer!" nikamwambia, huku nikitoa pesa kwa furaha. "Faiza, piga hesabu yako yote, usiniachie kitu. Na risiti naitaka."