Jalidi Nyuma ya Ua wa Tomaso

Mimi Fransiska sijifanyi mtakatifu. Shemeji yangu Tomaso aling'oa jiwe la mpaka kabla hata arobaini ya mume wangu haijaisha, nami nikaapa atalipa. Alimega hatua ishirini za shamba langu hapa kijijini Daudi, kisha akapanda ua wa miti ya mikrismasi kukatiza bonde zima ili nisivuke. Upande wa juu wa ua, kuelekea mlimani, akaweka miche ya parachichi, maana wanunuzi walishaanza kupanda milima yetu na kila mtu alitaka utajiri wa haraka.

Kosa lake nililiona siku ileile. Baridi huteremka mlimani polepole, inatafuta pa chini kama maji. Ndiyo maana Basili, mume wangu, kila Mei alifyeka vichaka bondeni, baridi ipate pa kutokea. Tomaso, mtu wa duka la mjini, hakulijua hilo. Nilipopita niliusifu ua wake: "Umependeza, shemeji. Uongezee mbolea."

Ua ulifungamana kwa miaka mitatu, na katikati ya miaka hiyo tukatolewa Arusha tukawa mkoa wa Manyara. Julai moja ukungu ulilala bondeni siku mbili. Baridi ikajaa nyuma ya ua, na kila tone la ukungu lililogusa tawi likaganda papo hapo. Asubuhi miche ya Tomaso ilikuwa myeupe, imeota miiba ya barafu. Viazi vyangu, upande wa chini wa ua, vilikuwa kijani. Nilicheka peke yangu.

Jumanne jalidi, ile barafu ya ukungu, ilipoyeyuka, nikapenya ua nikakwangua miche yake kwa ukucha hadi karibu na ardhi. Yote ilikuwa kahawia ndani, imekufa.

Keshoye Tomaso akaja.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia.

"Marahaba. Fransiska, nisaidie. Basili alikuwa anafanyaje na hii baridi?"

"Ita wazee. Waonyeshe jiwe lilikuwa wapi, halafu nitakwambia."

Alinitazama kwa hasira. Lakini jioni Mzee Sulle na wenzake walisimama shambani, naye Tomaso akaonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Jiwe likarudi mahali pake.

"Haya, sema sasa."

"Kata ua."

Keshoye alikata siku nzima kwa shoka. Nilimpelekea chai, nikakaa kumtazama.

"Miche itapona?" akaniuliza.

"Imwagilie kila siku, shemeji," nikamwambia, na sikuona aibu hata kidogo.