Aliyenifungia Shanta

Mwalimu Filimbi hakuwa na mizani. Wageni wakimuuliza atajuaje kama kila mtu amebeba uzito aliopangiwa, alikuwa akijibu, "Kule juu hakuna mizani. Kuna mtu tu." Kisha anapuliza filimbi yake na maswali yanaishia hapo.

Alikuwa mwalimu wa michezo shuleni, na kila kiangazi, njia za milimani zinapokauka, aliongoza watembezi kumi kwa siku nane, kila mtu na shanta mgongoni. Kumi tu, kwa sababu kibanda cha kulala kule juu kina vitanda kumi. Mwaka huu tulijiandikisha kumi na wawili.

Kanuni yake ilikuwa moja. Hujifungii shanta lako mwenyewe. Mnakuwa wawili wawili; mwenzako anakufungia lako bila wewe kuona, nawe unamfungia lake. Akimaliza kupanga anafunga mdomo wa shanta kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, na uzi huo mbebaji haukati. Ukishuka kilima unamrudishia aliyekufungia, akate yeye. Ukikata mwenyewe, umejitoa.

"Kule juu utakula alichokifunga mwenzako, na utalala ndani ya alichokifunga mwenzako," Mwalimu alikuwa akisema. "Kama huuamini mkono wake, baki nyumbani ukunje nguo."

Mimi nilikuwa na Pacha. Mama zetu hawajawahi hata kusalimiana. Jina lilitokana na bweni la chuo, ambako tulilala kitanda kimoja mwaka mzima kwa sababu cha pili kilivunjika na hakuna aliyekuja kukitengeneza. Tulipomaliza, yeye akapata kazi kwenye duka la dawa. Mimi nikatuma barua za maombi thelathini na moja. Zilijibiwa mbili, na zote mbili ziliuliza, kwa upole, kama kuna mtu ninayemfahamu pale ndani. Ndiyo maana nilikitaka kitanda kimoja kati ya vile kumi kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Mlima hauulizi mjomba wako ni nani. Niliamini hivyo kabisa, na nilimwambia kila aliyekaa karibu, mpaka mama akaniomba nipumzike walau wakati wa kula.

Tulijiandaa kama maharusi. Viatu vipya tulivivaa ndani ya nyumba, tukiosha vyombo navyo, tukifagia navyo, ili vituzoee kabla ya kutuchubua. Zipu za hema tulizisugua kwa mshumaa ziteleze. Hema lenyewe lilikuwa la kununua mkononi, limechoka, nikalishona upya mishono yote kwa cherehani ya mama. Na kwa ajili ya mazoezi nilishona vifuko vya mchanga kutokana na pazia letu la zamani lenye maua, kila kifuko kilo moja kamili, kumi na sita vyangu na kumi na sita vyake. Wiki ya kwanza ni vifuko vitano. Kila wiki unaongeza kimoja. Jumamosi ya kumi na mbili unapanda kilima cha tangi la maji, ngazi mia nne na kumi na mbili, ukiwa na kumi na sita, na kumi wa mbele ndio wanaokwenda.

Wiki za mwanzo nilikuwa wa tano. Pacha alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Pumzi yake ilikuwa fupi tangu utotoni. Nilikuwa namsubiri kila kituo cha kupumzikia, namwambia, "Twende, mama, tangi halihami." Wiki ya tano alipata mafua, nikamwekea vifuko vinane badala ya tisa na sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri.

Kuanzia wiki ya sita mambo yaligeuka. Ngazi zilezile ziliniuma magoti. Wiki ya saba nikawa wa nane, ya tisa wa kumi. Mtembezi mmoja alipoteguka kifundo cha mguu tukabaki kumi na mmoja, na wa kumi na moja nikawa mimi. Wa kumi alikuwa Pacha.

Nikaanza kuamka kabla ya jua kuchuchumaa na kuinuka, mara mia, mara mia na hamsini. Nilikonda. Mama alisema ninafanana na mwavuli uliofungwa. Pacha ndiye aliyekuwa akinikanda mapaja kwa dawa ya kuchua aliyoleta kutoka dukani kwao.

"Usijilaumu," alikuwa akiniambia, vidole vyake vikizama kwenye misuli. "Labda mwakani. Mwili haudanganyi, Pacha."

Jumatano ya wiki ya mwisho, nikiwa mazoezini na vifuko kumi na vitano alivyonifungia Pacha, mkanda wa kushoto wa shanta ulikatika. Nikalibeba kifuani kama mtoto mpaka kwa fundi wa mabegi, mzee mwembamba tunayemwita Sindano.

"Usitoe mzigo," alisema. "Nataka kuona mkanda unavutwa wapi." Akaliinua, akaliweka chini haraka. "Binti, huu mkanda haukukatika. Umeuawa. Umebeba nini humu, bwana harusi?"

"Kilo kumi na tano."

"Kumi na tano za kwenu labda."

Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mabaki ya ngozi. Akaitundika, akatundika na shanta. Mshale ukatulia kwenye ishirini na mbili.

"Mizani yako mbovu," nikasema.

Alichukua pakiti ya sukari ya kilo mbili aliyokuwa amewanunulia watoto wake, akaitundika. Mshale ukasimama kwenye mbili.

"Sasa wewe niambie, ni nani mbovu?"

Nikakata uzi. Hiyo haikuwa Jumamosi wala si kilimani, lakini niligeuka kutazama nyuma kana kwamba Mwalimu yupo mlangoni. Nikatoa vifuko vyangu vya maua, kumi na vitano. Chini yake, upande wa mgongoni, palikuwa na vipande vya nondo za kujengea vilivyoviringishwa ndani ya taulo. Taulo la nini? Nilielewa baada ya kuvigonga pamoja: visilie. Alikuwa amefikiria hata mlio. Na alivipanga karibu kabisa na uti wa mgongo, kama tulivyofundishwa, kizito kikae karibu na mgongo kisimvute mbebaji. Alinifungia vizuri sana. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye kigoda cha wateja.

"Maji?" Sindano aliuliza.

"Hapana."

"Basi lia, mimi nashona." Akashona.

Duka la dawa lilikuwa na watu watatu kwenye foleni. Nikapanga foleni kama mgonjwa. Nilipofika mbele, nikaliweka taulo juu ya kioo. Nondo zilitoa mlio mzito, na Pacha akaangalia mikono yangu, siyo uso.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Punguza sauti. Bosi yuko ndani."

"Tangu lini, Pacha?"

"Wiki ya sita. Nilianza na mbili tu." Akapanga upya maboksi ya plasta ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Nilikuwa wa mwisho. Unajua unavyojisikia ukiwa wa mwisho kila Jumamosi, huku mtu anakuita 'twende, mama'? Wawili walikuwa lazima wabaki."

"Na kwa nini mimi?"

"Sasa ningemwekea nani mwingine? Ninayemfungia ni wewe tu."

Lilikuwa jibu la kweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko uongo wote uliotangulia. Mama mmoja nyuma yangu alikohoa, ama kwa ugonjwa ama kwa haraka.

"Halafu," Pacha akaongeza taratibu, "wewe ungenisamehe. Wengine wasingenisamehe. Wewe ndivyo ulivyo."

Kumbe upole wangu ndio alioupima. Alikuwa ameuweka kwenye hesabu kabla ya nondo. Alikuwa akiniuma na kunipuliza, na dawa ya kuchua akiitoa kwenye rafu ya kazini kwake.

"Utamwambia Mwalimu?" akauliza.

Njia nzima nilikuwa nimepanga kumwambia Mwalimu. Lakini nilipomwona pale, kola ya koti jeupe imekunjika upande mmoja, bado nilitaka kuinyoosha. Nikasema, "Jumamosi nifungie kumi na sita. Mimi nitakufungia kumi na sita. Basi."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Wakati ule nilidhani hilo linatosha. Nilidhani mtu akitendewa haki kwa mkono uleule aliouumiza, moyo wake utarudi mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimesoma sana.

Jumamosi tulibadilishana mashanta chini ya kilima bila kutazamana. Filimbi ikalia. Hatua ya kwanza tu nilitaka kucheka: shanta lilikuwa jepesi mno hata nikageuka kuhakikisha lipo. Magoti yangu, yale niliyoyatukana wiki sita, yalikuwa mazima. Nikampita mtembezi mwenzetu, muuza nyama, nikawapita ndugu wawili wa karakana. Kwenye kituo cha tatu, ambapo Mwalimu alikuwa amesimama na saa yake, nikasikia nyuma yangu, "Pacha! Subiri!"

Nikasimama. Mazoea.

Alikuwa ngazi kumi chini yangu, amelishusha shanta, anahema. "Umeniwekea ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mbona zito hivi?"

"Ni kilo moja zaidi ya wiki iliyopita."

"Siyo moja. Nasikia siyo moja." Akaliinua kidogo, akaliachia. Macho yake yalikuwa ya mtu anayesikia hatua za mwizi juu ya dari. "Niambie ukweli tu. Umeniwekea ngapi?"

"Pacha, beba twende. Kumi na sita."

Aliniangalia muda mrefu, akinitafuta usoni, na nadhani alichokiona ni uso wake mwenyewe. Akauma uzi mwekundu kwa meno.

"Wewe!" Mwalimu alipiga kelele, lakini uzi ulikuwa umekwisha kukatika.

Pacha alitoa vifuko kimoja kimoja, akivipanga kwenye ngazi. Maua ya pazia letu. Alipofika cha kumi na sita aliingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akapapasa chini, akapapasa pembeni. Hapakuwa na kitu. Akaligeuza shanta, akalikung'uta. Likatoka vumbi la mchanga.

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?" Mwalimu akamuuliza. Hakuwa na hasira; alikuwa haelewi.

"Nilidhani amenizidishia."

"Kwa nini akuzidishie?"

Watembezi waliokuwa karibu wakasimama. Pacha hakujibu, na mimi sikujibu kwa niaba yake. Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama vile vifuko, kisha akasema, "Shuka, mwanangu," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia, na mimi akaniashiria niendelee.

Nikawa wa nne. Waliofika wote walipata nafasi, kwa kuwa tulibaki kumi kamili. Nilipoangalia chini kutoka kwenye tangi, ngazini hapakuwa na mtu. Pacha alikuwa ameviacha vifuko palepale.

Siku moja kabla ya safari Mwalimu aliniweka na muuza nyama, ambaye mwenzake ndiye aliyeteguka. Ni baba wa watoto wanne, anacheka kwa tumbo zima, na mjini wanasema nyama yake haina mfupa wa kuzidishia uzito. Tulikutana kwenye stoo ya shule. Akatandaza vitu vyangu sakafuni: mfuko wa kulalia, sufuria, nusu ya hema. Akasubiri nitoke, kama inavyotakiwa.

Sikutoka.

"Baba," nikasema, "naomba nione unavyopanga."

Mkono wake ulisimama hewani. "Kanuni inasema usione."

"Najua."

"Kuna kitu umesikia kuhusu mimi?"

"Hapana, Baba. Hakuna kitu."

Akanikazia macho, na cheko lote likamtoka usoni. Kisha akaligeuza shanta kuelekea kwangu, mdomo wazi, akaanza kuweka vitu kimoja kimoja, akikitaja kila kimoja kwa jina. Nami nilisimama pale nikihesabu.